Kabla Hujalipia Ile Pampu

Mwanangu, najua unachokitazama kwenye simu usiku. Vikombe viwili vya plastiki, mpira mwembamba, na kitu cha kubinya kwa mkono. Au ile ya kuchaji, yenye taa ndogo. Pembeni kuna picha mbili, ya kabla na ya baada. Chini yake pana namba ya kulipia, na ahadi kwamba mzigo utaletwa mpaka mlangoni, umefungwa vizuri, hakuna atakayejua ndani mna nini.

Sitakuuliza kwa nini unaitazama. Wewe ni mtu mzima. Una kazi yako na pesa zako, na mwili ni wako. Naomba tu ukae hapa nami kidogo kabla hujalipa. Nimefanya kazi ya uuguzi na ukunga mpaka nikastaafu. Nimewahudumia wanawake wa kila umbo, wa bara na wa pwani, waliozaa jana na waliokuwa na wajukuu. Niliyoyaona huko ndiyo yananipa ujasiri wa kukusemesha jambo ambalo mama wengi hulinyamazia.

Kwanza nikueleze pampu yenyewe inafanya nini, maana anayeiuza haelezi.

Titi si msuli, mwanangu. Ndani yake mna tezi za maziwa, zimegawanyika sehemu 15 hadi 20 hivi, na kila sehemu ina mrija wake unaoelekea kwenye chuchu. Mafuta yamezizunguka. Nyuzi nyembamba zimepita katikati, zikishikilia kila kitu mahali pake. Madaktari wanaziita kwa jina la Astley Cooper, daktari mpasuaji wa Uingereza aliyezieleza katika karne ya 19. Msuli wa kifua uko chini ya hayo yote. Ndiyo maana mazoezi ya kupiga pushapu yatakunyanyua kifua kidogo, lakini titi lenyewe hayaliongezi. Ukubwa wa titi unatokana na ulichorithi kwa mama na kwa baba, na homoni, na mafuta ya mwilini. Mimba nayo hulibadilisha, na umri pia.

Sasa weka kikombe juu yake, uvute hewa. Ngozi inavutwa kuingia ndani ya kikombe. Majimaji ya mwilini yanakusanyika pale. Damu inajaa kwenye vijishipa vidogo, na baadhi ya vijishipa hivyo hupasuka. Umewahi kumwona mtu aliyetoka kupigwa hijama mgongoni, ile ya kuvuta kwa vikombe. Nyama inanyanyuka ndani ya kikombe, inajaa, inabana. Kikombe kikitolewa, panabaki duara lililovimba, jekundu au la zambarau. Baada ya muda uvimbe unashuka, alama inafifia, na mgongo ni uleule. Hicho ndicho kinachotokea kifuani. Mwanamke aliyeandika kwamba ametumia nusu saa na ameona mabadiliko hadanganyi. Ameyaona. Ameona uvimbe. Angepiga picha nyingine jioni yake, au kesho yake, angeiona hadithi ilivyoishia.

Kuna na jambo jingine, la futi ya kujipimia. Muuzaji atakwambia ujipime leo, utumie wiki mbili, ujipime tena. Lakini matiti ya mwanamke hayakai vilevile mwezi mzima. Siku za kuelekea hedhi hujaa, yakawa mazito na yanauma ukiyagusa. Baada ya hedhi hushuka. Ukijipima siku chache baada ya damu kukatika, kisha ukajipima tena wiki mbili na nusu baadaye, futi itakuonyesha ongezeko hata kama pampu hujaitoa kwenye boksi. Mtu akipata ongezeko hilo baada ya kutumia pampu, ataiamini maisha yake yote, na atawaambia rafiki zake. Sidhani kama wote wanaosifia kifaa hiki wamelipwa. Wengi wamesoma mwili wao bila kuujua mzunguko wake.

Sitaki kukuficha kitu, kwa hiyo nitakwambia na upande wa pili. Kuna daktari mpasuaji wa Miami, Marekani, aitwaye Roger Khouri, aliyejiuliza swali la maana. Tumbo la mjamzito hutanuka taratibu na ngozi inaongezeka kweli, haivutiki tu. Wapasuaji wanatumia njia hiyo hiyo kupata ngozi ya kuzibia kovu la moto: wanaweka mfuko chini ya ngozi nzima iliyo jirani, wanaujaza maji kidogo kidogo kwa wiki nyingi. Tishu ikivutwa polepole, kwa nguvu ndogo, kwa muda mrefu, inajibu kwa kukua. Je, titi haliwezi kuvutwa kwa nje namna hiyo? Akatengeneza vikombe vyenye ukingo laini na pampu ndogo inayojiendesha, vinavyovaliwa ndani ya sidiria maalumu. Kifaa hicho kikaja kuuzwa kwa jina la Brava.

Mwaka 2000 yeye na wenzake walichapisha matokeo katika jarida la wapasuaji. Sikiliza namba, kwa sababu wanaokuuzia wanazitumia nusu. Walianza wanawake 17, wenye umri wa miaka 18 hadi 40. Walitakiwa kuvaa kifaa saa 10 hadi 12 kila siku, kwa wiki 10. Watano walishindwa kufuata masharti wakatoka. Waliobaki 12 walipata ongezeko, na wote matiti yakapungua tena kidogo katika wiki ya kwanza baada ya kuacha. Kilichobaki kilikuwa wastani wa asilimia 55 ya ukubwa wa mwanzo. Lakini mmoja alipata asilimia 15 tu, na mwingine 115. Kwa mwenye titi dogo, hata asilimia 55 ni kiasi kidogo. Aliyeongoza jaribio ndiye aliyebuni kifaa. Hapakuwa na kundi jingine la kulinganisha. Wanawake 12 ni wachache sana kwa mtu kusema amethibitisha jambo.

Lakini tuchukue kwamba yote ni kweli. Piga hesabu nami. Saa 10 kwa siku, siku 7, wiki 10. Hizo ni saa 700. Muuzaji wako anakwambia dakika 20 kwa siku, mwezi mmoja. Hizo ni saa 10, mwanangu. Saa 10 kwa mwezi mzima, wakati wale walizimaliza kwa siku moja, wakaendelea siku 69 nyingine. Na mtu mmoja kati ya kila watatu au wanne alishindwa, ingawa alikuwa na madaktari wa kumfuatilia.

Nguvu nayo ni tofauti. Kile cha Miami kilivuta kwa nguvu ya milimita 20 hivi za zebaki. Ni kipimo kilekile tunachotumia kupima presha ya damu, ile unayosikia 120 kwa 80. Kwa hiyo 20 ni mvuto mdogo sana, na uliwekwa mdogo makusudi, ili damu iendelee kupita kwenye vijishipa. Kile cha kubinya kwa mkono mara nyingi hakina geji. Unabinya mpaka usikie kimeshika. Ukiona hakuna kinachotokea, unabinya zaidi. Mtu mwenye haraka hubinya kwa nguvu zaidi, na hapo ndipo ngozi inapochubuka. Madhara niliyowahi kuyaona kwa macho yangu yalitokana na mkono wenye haraka: damu kuvilia, malengelenge pembeni ya kikombe, ngozi kuwasha na kutoka vipele, michirizi.

Baadaye hata huyo daktari alikitumia zaidi kuandaa kifua kabla ya kuhamisha mafuta ya mgonjwa mwenyewe kutoka pajani au tumboni kuyaweka kwenye titi. Hiyo ni kazi ya chumba cha upasuaji. Sitaingia huko leo, maana wewe hukuniuliza upasuaji.

Wala usidhani jambo hili ni jipya kwa kuwa limekuja na simu. Miaka ya 1970 huko Marekani kuliuzwa pampu ya matiti ya kukanyaga kwa mguu, ikiagizwa kwa posta. Mtu mmoja wa Minneapolis, Bob McCoy, alikusanya vifaa vya tiba za uongo vya kila aina akavifungulia makumbusho, na pampu hiyo ilikuwemo. Mwaka 2002 mkusanyiko wake ulihamia katika Makumbusho ya Sayansi ya Minnesota. Na sisi huku tulikuwa na yetu. Katika sehemu kadhaa za Afrika Mashariki wasichana waliokota wale wadudu weusi wanaozunguka juu ya maji, wakawaacha wawaume kifuani, wakiamini watakua upesi. Watafiti wameyaandika hayo. Kila kizazi kina kitu chake, na kila mara kinachouzwa ni upesi.

Sasa nikwambie kwa nini jambo hili linanikaa moyoni.

Nikiwa bado kazini, alikuja dada mmoja asubuhi, kliniki imejaa. Aliomba kuonwa faraghani. Alipovua, kila titi lilikuwa na duara la zambarau, na upande mmoja ngozi imechubuka ikianza kutoa majimaji. Alikuwa ametumia kikombe cha kuvuta, nguvu zote, usiku baada ya usiku, kwa sababu harusi ilikuwa inakaribia. Mimi nilikuwa nimechoka, na foleni ilikuwa ndefu. Nikapandisha sauti. Nikamuuliza nani alimtuma, na kama wenye magonjwa ya kweli wakae nje wamsubiri yeye na urembo wake. Pazia la kliniki halizuii sauti. Waliokuwa kwenye benchi walisikia.

Alifunga vifungo vyake kimya kimya. Nilimpa dawa ya kupaka na kumwambia arudi baada ya siku chache. Hakurudi.

Nimelifikiria hilo mara nyingi kuliko alivyoweza kulifikiria yeye. Nilitibu ngozi nikaacha mtu. Sikumuuliza nani alimwambia ana upungufu. Sikumwambia aliangalie titi lake kama lina kivimbe, ingawa alikuwa amekaa mbele yangu amevua, na huenda asije kuvua tena mbele ya muuguzi kwa miaka. Nilimfundisha kwamba kwenda kliniki ni kuaibishwa. Kama siku moja alipata kivimbe kweli, namwomba Mungu awe alikutana na mtu mwenye subira kuliko mimi.

Kwa hiyo wewe nakuuliza, kwa sauti ya chini, na hulazimiki kunijibu mimi. Nani alikwambia una upungufu?

Maana jambo hili halikuanza kwenye simu. Simu imekuletea tangazo baada ya wewe kutafuta, na ulitafuta kwa sababu kuna neno liliingia. Labda ni shuleni, walikuita ubao. Labda ni kichen pati, mama mmoja alishika kifua chake akacheka, akasema mume anataka pa kushika, na wote wakapiga vigelegele, nawe ukacheka nao. Labda ni mchumba, alitaja shepu ya mwanamke mwingine. Aliyesema ameshasahau. Wewe ndiye unayelala nalo.

Mimi neno langu lilitoka kwa binamu. Tulikuwa tunavaa kwenda harusini, akanitazama kwenye kioo, akaniambia gauni limekosa mtu. Nilichukua leso mbili nikazikunja nikaziweka ndani ya sidiria. Harusi ile ilikuwa na taarabu nzuri mno, na mimi nilipenda kucheza kuliko kula. Nilisimama ukutani usiku mzima. Niliogopa leso zisije zikahama. Wenzangu waliniita, nikasema kichwa kinauma. Bibi harusi alikuwa rafiki yangu kipenzi, na sikumtunza hata mara moja.

Nilizeeka kidogo ndipo nikajua kwamba binamu yule alikuwa na shida yake. Yeye matiti yake yalikuwa makubwa, mgongo ukimuuma, kamba za sidiria zikimkata mabega, wanaume wakimtazama kifua wakati anaongea. Alinionea wivu wepesi wangu. Aliniambia mwenyewe, tukiwa sote na watoto wakubwa. Miaka yote hiyo kila mmoja alimtamania mwenzake alichonacho, na hakuna aliyesema.

Najua kuna hofu moja ambayo wasichana hawaisemi waziwazi, wanaizungukazunguka. Wanaogopa kwamba mwenye matiti madogo atakosa maziwa. Mwanangu, hapo nakuomba uniamini kwa sababu ndiyo kazi iliyonilea. Ukubwa wa titi kwa sehemu kubwa ni mafuta, na mafuta hayatengenezi maziwa. Tezi ndizo zinazotengeneza, na zinajiandaa wakati wa mimba. Maziwa huongezeka kadiri mtoto anavyonyonya na titi linavyotolewa maziwa. Mwenye titi dogo anaweza kuhitaji kunyonyesha mara nyingi zaidi kwa siku, kwa kuwa nafasi ya kuhifadhi ni ndogo, lakini kwa siku nzima mtoto anapata shibe yake. Nimewahudumia akina mama wenye vifua vya kitoto walionyonyesha mapacha wakanona. Nimewahudumia pia wenye vifua vikubwa waliohangaika, kwa sababu mtoto hakushika chuchu vizuri. Uwatu tunaowapikia wazazi huku pwani ni chakula kizuri na una desturi yake, sina ugomvi nao. Lakini mafuta yake yanayouzwa kwa kupaka kifua kikue, usiyatarajie yakuze kitu.

Nakuomba pia uangalie umri wako. Mwili wa mwanamke haumalizi kujipanga siku anapotimiza miaka 18. Miaka ya ishirini na kitu utanenepa, utakonda, utatumia au hutatumia uzazi wa mpango, huenda utabeba mimba, utanyonyesha, utaacha. Kila hatua kifua kitabadilika. Unataka kufunga leo hesabu ya kitu ambacho bado kinaandikwa. Na kama titi moja ni dogo kuliko jingine, hilo liko kwa wanawake wengi sana. Tofauti ikiwa kubwa mno, au ikiwa imetokea ghafla ukubwani, hiyo ni ya kumwonyesha daktari.

Kabla ya pampu, jaribu sidiria. Nasema hivi kwa uzito. Wengi mnanunua sidiria ya mtumba kwa kukadiria kwa macho, au mnaazima ya dada. Kikombe ni kikubwa, kinabaki tupu juu, unajitazama unaona upungufu. Upungufu uko kwenye nguo. Chukua futi ya fundi cherehani. Pima kuzunguka mbavu, chini kabisa ya titi, kwa inchi. Hiyo ni namba ya mkanda. Kisha pima kuzunguka pale titi lilipojaa zaidi. Tofauti ya inchi 1 ni kikombe A, inchi 2 ni B, inchi 3 ni C. Viwanda vinatofautiana kidogo, kwa hiyo ivae kabla ya kununua, uinue mikono, uiname. Mkanda ukae sawa, usipande mgongoni. Na kama una shughuli na unataka kujaa kidogo, zipo sidiria za sponji. Zimeshonwa zikashikamana, hazihami kama leso zangu. Utacheza mpaka alfajiri, na ukirudi nyumbani utaivua na kifua chako kitakuwa salama.

Ukikataa yote niliyosema na bado ukaitaka pampu, basi angalau usiiguse katika hali hizi. Usiitumie ukiwa mjamzito; kusisimua chuchu kunaweza kuamsha uchungu. Usiitumie ukiwa unanyonyesha. Pampu ya kukamulia maziwa ni kifaa kingine kabisa, kimetengenezwa kwa kazi nyingine. Usiitumie kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, au mwili wako ni mwepesi wa kuvilia damu, au una kisukari na vidonda vyako huchelewa kupona. Usiitumie kwenye ngozi iliyochubuka. Na usiitumie kabisa kama kuna kivimbe ambacho hakijaangaliwa.

Muulize anayekuuzia kifaa kimesajiliwa wapi. Tanzania vifaa tiba vinasimamiwa na TMDA, ambayo ilichukua jina hilo mwaka 2019. Kenya ni Bodi ya Famasia na Sumu. Anayedai kwamba chombo chake kinakuza kiungo cha mwili anatoa dai la kitabibu, na mwenye dai la kitabibu awe na karatasi. Akikujibu kwamba hii ni urembo tu, umepata jibu lako kuhusu kukua pia.

Hicho kivimbe nitakirudia, kwa sababu nikipewa dakika moja tu na kila binti wa nchi hii nitaitumia kwa hilo. Saratani ya matiti ndiyo inayowapata wanawake wengi zaidi duniani kuliko saratani nyingine. Kwetu wengi hufika hospitali wamechelewa. Walikiona kivimbe mapema, wakaona haya, au hakikuwauma wakadhani si kitu. Kivimbe hata kisipouma kinataka kuonwa haraka. Kila mwezi, siku chache baada ya hedhi, matiti yakiwa yamelainika, jikague kwa vidole vilivyolala, duara ndogo ndogo, titi zima mpaka kwapani. Tazama kwenye kioo mikono ikiwa juu. Angalia ngozi inayobonyea, chuchu iliyogeuka kuingia ndani wakati zamani haikuwa hivyo, damu au majimaji yanayotoka yenyewe, uwekundu usioisha. Vivimbe vingi vya wasichana si saratani. Lakini si wewe wa kuamua, wala si mimi. Anza na kituo cha afya kilicho karibu. Wakiona haja watakuandikia rufaa, na Dar es Salaam ipo Taasisi ya Saratani Ocean Road.

Ninakuomba mikono ile iliyotaka kubinya pampu kila usiku iwe na subira ya kukagua mara moja kwa mwezi. Ni muda mfupi kuliko kuoga.

Na kama tayari ulishainunua, na boksi liko chini ya kitanda, hakuna atakayekugombeza hapa. Iache. Kama imekuachia alama ya kuvilia damu, weka kitambaa chenye maji baridi, usikande kwa maji ya moto siku ya kwanza, vaa sidiria laini isiyobana. Alama itapita rangi ya zambarau, kijani, njano, kisha itaondoka. Malengelenge usiyatoboe. Kukiwa na usaha, joto, homa, au uwekundu unaosambaa, hiyo si ya kusubiri. Usimpe rafiki yako kifaa hicho hata akikuomba. Kimegusa ngozi iliyochubuka, kinabeba vijidudu.

Ukiona lolote katika haya, nigongee, hata kama ni usiku. Asubuhi tutaongozana kliniki, nitakushikia foleni. Njoo nacho hicho kifaa, mhudumu akione.